Tangazo Lisilo na Mwenyewe

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota niko kazini. Sikushangaa. Mtu aliyetumikia kiwanda kimoja miaka ishirini na mbili ataota nini kingine? Wenzangu huota wanaruka angani. Mimi huota niko kwenye kikao.

Kabla sijaendelea nijitambulishe, maana ndoto yenyewe haikunitambulisha. Naitwa Sikudhani Kobelo. Ni mkuu wa mawasiliano wa Kiwanda cha Mablanketi cha Mindu, Morogoro. Nilipoajiriwa nilikuwa afisa uhusiano tu, na kazi zangu zilikuwa tatu: kutafuta mkasi mkali wa kukatia utepe, kuwapiga picha wageni, na kuhakikisha soda zimepoa. Nilikuwa na meza karibu na stoo, na paka. Nilikuwa na furaha, ingawa wakati ule sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe.

Siku hizi mambo yamebadilika. Wakubwa wamegundua kwamba blanketi haliuzwi kwa joto lake tu, bali pia kwa jinsi linavyosemwa, kwa hiyo nami nimepandishwa. Nina kiti kwenye Bodi. Nina cheo kirefu, Mkurugenzi wa Mawasiliano, Mkakati na Taswira, ambacho mlangoni kimeandikwa kwa mistari miwili. Hakuna jambo linaloamuliwa mpaka niulizwe litasikikaje. Kama ni zuri au baya, hilo siulizwi.

Ijumaa Bodi iliamua kulifunga banda la kufumia. Zinakuja mashine mpya zinazotaka watu watano, na wafumaji tulio nao ni sitini na wawili. Niliulizwa litasikikaje. Nikasema litasikika vizuri likisemwa taratibu. Basi nikapewa kazi ya kuandika tangazo na kulisoma mbele yao Jumatatu saa mbili asubuhi.

Nililiandika mara kumi na moja. Kuuma na kupuliza ndiyo kazi yangu, na naijua. Kila nilipolirudia lilizidi kuwa laini, hata katika lile la kumi na moja mimi mwenyewe sikuweza kutambua nani anaachishwa kazi. Humo bandani marehemu mama yangu, Bi Chiku, alifuma kwa miaka ishirini na sita. Nusu ya hao sitini na wawili wananiita Siku, na wawili kati yao nilikaa nao dawati moja shule ya msingi. Nikazima taa, nikalala.

Sasa niko ofisini. Ni saa moja na nusu asubuhi na jua limeshapanda. Tangazo liko mezani, limejikunja mara mbili, limevaa tai.

"Shikamoo imetolewa," linasema.

"Marahaba," naitikia. "Imetolewa na nani?"

"Hilo halikuainishwa."

Hodi inabishwa. Ni moshi wa bomba kubwa la kiwanda. Unaingia kwa adabu, unajikusanya kwenye kona usije ukachafua pazia, na unajinyosha juu kidogo kama mtu anayetaka kuulizwa shida yake.

"Nimekuja kuidhinishwa," unasema. "Si mmetoa waraka? Hakuna kitakachotoka kiwandani bila kupitia Mawasiliano."

Waraka ule niliuandika mimi. Nachungulia nje. Foleni imejaa korido nzima hadi getini: mvuke, maji machafu yaliyokunja suruali mpaka magotini, malori matatu yenye kofia mkononi, na harufu ya maharage ya kantini, ambayo kwa sababu ya umri wake imepewa kiti.

"Zamani nilikuwa natoka tu," moshi unaniambia. "Asubuhi mama yako alikuwa akifungua dirisha kule Mafiga, ananiangalia. Akiniona mweusi anajua kazi ipo, anafunga kilemba, anakuja. Sikuwahi kumwambia neno, na hatukuwahi kutoelewana."

"Ukifika juu utasema nini?" nauliza, kwa sababu fomu ya kuidhinisha ina nafasi ya swali hilo.

"Nitasema chini kuna moto."

"Sema chini kuna nishati rafiki."

Moshi unafikiri. Unajaribu mara mbili, kimoyomoyo. "Siwezi kulitamka hilo," unasema.

"Basi pita kimya kimya."

Nagonga muhuri. Unatokea dirishani ukiwa mwembamba, hauna hata rangi, na najisikia vibaya, maana nilikuwa naupenda tangu utoto wangu. Tulikuwa tukiuona kutoka shuleni, tukawaonyesha watoto wa mafundi reli kwamba ule moshi pale ni wetu.

Nyuma yangu ukuta unaanza kusogea. Mafundi wawili wanausukuma kwa mabega, taratibu, huku wakipiga soga.

"Samahani, Mkurugenzi," anasema mmoja. "Majukumu yako yamepanuka. Tumeambiwa tupanue na chumba."

"Mpaka wapi?"

"Hatukuambiwa mwisho."

Ofisi yangu inaimeza Uhasibu, na wahasibu wake wakiwa wamekaa. Hakuna hata mmoja anayeinua kichwa. Inaimeza kantini. Inaumeza uwanja wa mpira wa kiwanda, ambako timu yetu ingali inacheza ile mechi ya mwaka themanini na saba dhidi ya watu wa kiwanda cha sukari. Golikipa wetu, ambaye siku za kazi alikuwa fundi umeme, anampungia mkewe mkono. Bendi ya kiwanda inapiga matarumbeta, mpigaji ngoma ni yule mama wa idara ya rangi mwenye mikono ya bluu isiyotakata. Watu wamesimama juu ya mabenchi. Mji mzima umo humo, na kila mtu ana kipande cha blanketi letu begani, yale mabaki ya kingo tuliyokuwa tukigawiwa na kuyashona nyumbani yakawa shuka.

Nasimama naangalia. Nilikuwa nimesahau kwamba kiwanda kiliwahi kuufanya mji usimame hivi. Hatukuwa na idara ya mawasiliano wakati ule. Tulikuwa na bao moja kwa bila, na hadi Kilosa walikuwa wamepata habari kabla jua halijazama. Machozi yananilengalenga kazini, jambo ambalo haliruhusiwi.

"Michezo inathaminiwa," linasema Tangazo kutoka mkononi mwangu. "Muda unazingatiwa."

Ni saa mbili kasorobo. Nachukua baiskeli, kwa sababu mlango wa ofisi yangu sasa uko mbali.

Katikati ya ofisi naikuta Bodi. Ni watu wanane wamelala mstari mmoja chini ya blanketi moja, wamelivuta mpaka kidevuni. Vinaonekana vichwa tu na miwani. Wa kwanza ni Bwana Luhwago, Mkurugenzi Mtendaji, mtu mpole ambaye hukohoa kabla ya kila sentensi.

"Dada Sikudhani," anasema, na kukohoa, "litasikikaje?"

"Lipi, Bwana Mkurugenzi?"

"Lolote."

"Mbona mmejifunika hivi na jua limewaka?"

"Si ushauri wako? Ulituambia suala hili tulifunike kwanza. Funika kombe mwanaharamu apite. Ameshapita?"

"Sijamwona."

"Basi tunaendelea." Anajivutia blanketi kidogo, na yule wa mwisho mstarini anabaki miguu nje. "Na ule mkakati wako tumeutekeleza. Kiwanda kizungumze kwa sauti moja. Imekuwa kazi, lakini tumeipata."

Anatoa mkono na kunipa kopo la kahawa lililofungwa kifuniko. Ananieleza kwamba wamekusanya sauti za watu wote: walinzi, madereva, wapishi, makarani, na za Bodi yenyewe. Wamezichemsha pamoja, wakazichuja kwa kitambaa, ikabaki hii moja. Haina lafudhi wala harufu.

"Iliyobaki nje ni hii yangu tu," anasema Bwana Luhwago, "nayo nilikuwa naitunza ili nikuambie kwamba tunakutegemea na ku—"

Hapo sauti inamtoka, inaingia koponi kama inzi. Midomo yake inaendelea. Ya wenzake pia inaendelea, wote wanane, bila kutoa kitu. Nalitikisa kopo, na ndani yake kitu kinakohoa.

Naendesha baiskeli. Njiani nakutana na wapishi wanaouliziana chumvi kwa kunyosheana vidole, na mlinzi wa geti anayejaribu kumfukuza mbuzi bila kuwa na neno la kumfukuzia. Mbuzi anamwangalia kwa huruma. Nawapungia wote. Ndiyo mafanikio yangu makubwa kuliko yote niliyowahi kuyapata kazini, na nataka kuyakimbia.

Kisha sakafu inaanza kutetemeka, na najua nimefika wapi kabla sijaona.

Ni banda la kufumia, lakini si la sasa. Ni lile la mwaka themanini na tano. Vumbi la sufu linaelea kwenye mwanga wa madirisha ya juu. Inanuka mafuta ya mashine na sufu mbichi. Mashine ziko safu kwa safu, zote zinanguruma, na mbele ya kila moja amesimama mwanamke mwenye kilemba. Mlangoni upo ule mstari mwekundu ambao watoto tulikatazwa kuuvuka. Nilikuwa nikisimama hapo Jumamosi na chakula cha mama mkononi, ncha za viatu zikigusa rangi.

Ndani ya banda lile hapakuwahi kusikika mtu. Hata ungepiga kelele sikioni mwa jirani yako, asingeambulia kitu. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa mikono. Walikuwa na ishara kama arobaini. Vidole viwili vikifunguka na kufumba, uzi umekatika. Vidole vitatu juu ya tumbo, njaa. Viganja viwili vikiegemeana juu kama paa, nyumbani. Kukuna masharubu yasiyokuwepo, nyapara anakuja. Mama alizoea mpaka akawa anatuita kula kwa mikono, na nyumbani kwetu kelele pekee ilikuwa ya kuku. Sisi tuliona ndivyo mama wote wanavyoita watoto wao.

"Saa mbili imetimia," linasema Tangazo. "Usomaji unatarajiwa."

Navuka mstari mwekundu. Hakuna anayenizuia. Napanda juu ya kreti, nafungua kopo, na sauti moja ya kiwanda inatoka, safi, ya kiofisi. "Uongozi wa kampuni unapenda kuwataarifu wadau wake wa ndani..." inaanza.

Hakuna anayegeuka. Sauti inajitahidi, inapanda, inakohoa. Inasogea mbele zaidi ili isikike, inapita karibu mno na mashine namba tisa, na mashine inaidaka kama inavyodaka uzi wowote. Nayaona maneno yangu yakiingia kwenye blanketi, mstari mwembamba wa kijivu, "katika kuboresha ufanisi" ikifuatiwa na "kwa kuzingatia mwenendo wa soko." Mfumaji wa namba tisa anautazama mstari ule, anaupapasa kwa kidole gumba, na kutikisa kichwa. Hauna nguvu.

"Hili halikutarajiwa," linasema Tangazo.

Ndipo ninapomwona mama. Yuko mashine namba kumi na nne, pale pale alipokuwa, na kile kilemba cha manjano. Ni kijana kuliko mimi. Nilimzika miaka tisa iliyopita, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba nimezoea. Sikuwa nimezoea.

Anainua mikono bila kuacha kazi. "Umekonda," anasema kwa ishara.

"Sijakonda, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Umefuata nini humu?"

Mikono yangu ni mizito, lakini inakumbuka. "Nina habari," nasema.

"Toa basi. Uzi haungoji mtu."

Nageukia banda zima. Kwanza nafanya nilivyofundishwa kwenye semina Dar es Salaam: nafungua viganja vyote viwili usawa wa kifua, ili watu wakuamini. Kumbe bandani ishara hiyo ni ya kuomba uzi. Wanawake watatu wananirushia vigurudumu vya uzi kwa mpigo, kimoja kinanipata begani. Nawashukuru. Navirudisha.

Kisha naanza tangazo lenyewe. Natafuta ishara ya "maboresho ya kimuundo" na haipo. Natafuta ya "kuwawezesha kuanza ukurasa mpya," haipo. Natafuta hata ya "changamoto." Katika ishara arobaini hakuna hata moja ya kujifichia. Zilizopo ni za vitu vilivyopo. Basi nafanya zile ninazoweza: mashine, kwisha, ninyi, nyumbani.

Kurasa mbili, na zimekuwa ishara nne. Tangazo linapiga yowe mkononi mwangu. "Nimevuliwa nguo!" linasema, na ni mara ya kwanza kulisikia likizungumza kwa uchungu.

Nasubiri kilio. Nasubiri wanizomee, maana ndicho nilichokiogopa tangu Ijumaa. Lakini mashine zinaendelea. Wanawake wananiangalia, wanaangaliana, wanarudi kwenye nyuzi zao. Narudia: mashine, kwisha, ninyi, nyumbani. Mmoja anajikuna kisogo.

"Hawajaelewa?" namwuliza mama.

"Wameelewa. Wanauliza nani anasema."

"Uongozi."

Lakini ishara ya uongozi haipo pia. Ya karibu ni ile ya nyapara. Nakuna masharubu hewani: masharubu yanasema, mashine kwisha, ninyi nyumbani.

Banda zima linageuka kumtafuta mwenye masharubu. Naye anakuja, nyapara wa zamani, Mzee Kilongola, masharubu yake yakiwa yamepanda mpaka mashavuni, ingawa alifariki mwaka tisini na moja. Anasimama mbele ya kreti yangu, ananitazama juu mpaka chini.

"Mimi sijasema kitu," anaonyesha kwa mikono. Anawasalimia wanawake na kuondoka zake, akafunge mlango wa nyuma unaopitisha upepo.

Wanawake wanacheka. Cheko lao halisikiki, mabega tu yanatikisika, safu kwa safu. Nami najikuta naona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu ya kazi.

Mama anakabidhi mashine yake kwa jirani na kuja mpaka kwenye kreti. Harufu yake ni ile ile, ya mafuta ya mashine na karafuu. Anashika viganja vyangu kwanza, kuvipasha moto, kisha anaviachia ili aweze kusema.

"Humu ndani," anasema, "neno lisilo na mwenyewe ni upepo. Hatuzimi mashine kwa upepo. Mtu akitaka kusema, anajipiga kwanza kifuani. Mimi ndiye. Halafu anasema. Kila mmoja ana pigo lake, tukiliona tunajua ni fulani, uzi wake, mashine yake, mdomo wake. Likiwa kosa, ni lake."

"Mbona nyumbani hukuwahi kunionyesha?"

"Nyumbani tulikuwa sita, na kila siku aliyekuwa analia ni wewe. Nani angeuliza ni nani?"

"Mama, si mimi niliyeamua."

"Ulikuwapo?"

Naishusha mikono.

"Ulikuwapo, Siku?"

Nilikuwapo. Nilikaa kiti cha tatu kutoka dirishani, karibu na sahani ya korosho. Bwana Luhwago aliniuliza, na wote wanane wakageuka wakanisubiri, na katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyewajua wanawake hawa kwa majina. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema tuwafundishe mashine mpya, tuwape mwaka, tuwaulize wenyewe. Kiti nilikipata kwa ajili ya nini? Nikasema litasikika vizuri likisemwa taratibu, nikala korosho.

Naogopa, na namwambia hivyo. Nikijipiga kifua, mimi ndiye nitakayekuwa nimesema. Bodi iko chini ya blanketi, Mzee Kilongola amekana, Tangazo halina hata jina chini yake. Nitabaki mimi, na kesho nitakutana nao sokoni.

"Ndiyo," anasema mama. "Utakutana nao."

"Na nikijipiga, siwezi kusema lile walilonipa."

"Huwezi. Utasema lako."

"Sina pigo."

Mama anafikiri kidogo, jinsi alivyokuwa akifikiri akigawa nyama. Kisha anajipiga kifuani: mara mbili haraka, mara moja kwa kutua, kiganja kikiwa wazi. "Tumia langu," anasema, "mpaka upate lako."

Anarudi mashine namba kumi na nne. Halafu, kwa kuwa ni mama yangu, anageuka tena njiani na kuniagiza nisimame wima.

Nasimama wima. Tangazo linaniomba nifikirie taswira. Nalitia chini ya kiatu. Nainua mkono wa kulia na kujipiga kifuani, mara mbili haraka, mara moja kwa kutua.

Mashine namba tisa inazimwa. Kisha ya jirani yake. Kisha safu ya dirishani, moja moja, na safu ya kati, na zile za mbali ambazo nilikuwa nikiziona tu kama kivuli nilipokuwa mtoto, mpaka ya mwisho kuzimwa inakuwa namba kumi na nne. Vumbi la sufu linatulia. Sijawahi kulisikia banda lile likiwa kimya; hata sikujua lina ukimya. Wanawake wote wamegeuka, wa zamani na wa leo wamechanganyika, na wale wawili wa dawati langu wako mbele. Hakuna aliyekasirika. Wananisubiri tu.

Nainua mikono niseme.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, saa kumi na mbili na nusu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kifuani, kiganja wazi, na pale chini ya kiganja pamepata joto. Mlangoni alikuwa amesimama mama mdogo Tausi, mdogo wake mama, ambaye ninaishi naye. Naye alifuma, miaka kumi na tisa. Mashine zilimwachia masikio mabovu, na siku hizi hasikii hata mlango ukigongwa. Ana desturi moja ya kila asubuhi. Anaweka kiganja ukutani. Nyumba yetu iko nyuma ya kiwanda, na zamu ya asubuhi ikianza ukuta unatetemeka kidogo, basi anajua kumekucha huko, anakwenda kubandika chai.

Alikuwa ameweka kiganja ukutani, na hakukitoa.

"Siku," alisema kwa sauti yake kubwa ya watu wasiojisikia. "Kiwanda kimezimwa."

"Umeme umekatika," nilimwambia, nikitamka polepole asome midomo.

Alinionyesha taa ya korido. Ilikuwa inawaka. Jikoni friji ilikuwa inanguruma. Nami nikaweka kiganja ukutani, upande wa kitandani. Ukuta ulikuwa umetulia kabisa.

Mama mdogo Tausi alitazama mkono wangu mwingine, ule uliokuwa bado kifuani. Aliutazama kwa muda mrefu. Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akasema kwa mikono kama wanavyosemezana wafumaji:

"Umeshajipiga. Haya, sema."

Basi nikamwambia yeye kwanza. Sikuanza na mashine mpya wala na Bodi. Nilianza na mimi: Ijumaa nilikuwapo, niliulizwa, na sikuwatetea. Ishara zilitosha, sikukosa hata moja. Alinitazama mpaka mwisho bila kunikatiza, mfumaji hamkatizi mwenzake. Nilipomaliza alifuta macho kwa ncha ya kanga, akainuka, akaurudia ukuta na kuupapasa tena.

"Vaa," alisema. "Wamesimama wanakusubiri."